Tarishi kati ya Mguu na Injini

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akishaiacha Ruaha Mbuyuni nyuma yake na kuanza kuupanda mlima Kitonga, hujua kwa yakini, kabla kona ya tatu haijaisha, gari lake lina afya ya namna gani. Maana mlima ule, wenye ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori yenye shehena yakijikokota mbele yako kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, haumpi dereva nafasi ya kujidanganya. Mwaka jana niliupanda na gari langu dogo la Kijapani, la petroli na gia otomatiki, nikafika juu salama. Na tulipokwisha kushika njia ya Ilula, mahali palipokuwa wazi na mbele kweupe, nilikanyaga mafuta ili nilipite lori la saruji lililokuwa limenitangulia tangu chini. Nilikanyaga, nikangoja. Gari likawa kama mtumishi aliyeitwa kwa jina lake akaitika labeka, lakini asiinuke alipoketi. Na lilipokuja kuchanganya, nafasi iliyokuwa wazi imekwisha, basi la abiria limetokea mbele, nami nikarudi nyuma ya lori lile huku moyo ukinidunda.

Niliporejea Dar es Salaam nilikisimulia kisa hicho katika duka moja la vipuri huko Gerezani, Kariakoo. Kijana muuzaji, ambaye kwa adabu sina la kumlaumu, hakungoja nimalize: alivuta mtoto wa meza, akaniwekea mbele yangu kijisanduku cheusi kilicholingana na kiberiti, chenye waya mfupi unaoishia kwa soketi mbili, akaniambia kuwa dawa ya gari zito ndiyo hiyo, kwamba hufungwa kwa dakika kumi bila kukata waya wowote, na kwamba nikishakifunga nitadhani nimebadilishiwa injini. Bei yake ilikuwa shilingi laki mbili na nusu. Sikukinunua siku ile, na sijakinunua hata leo. Na makala haya nayaandika kueleza kwa nini, kwa kuwa nimewaona jamaa na majirani wakivinunua vitu hivi, ambavyo wenye kuviuza huviita vidhibiti vya kanyagio la mafuta, kwa imani kubwa kuliko vinavyostahiki, ilhali havikukosa faida kabisa kwa mwenye kuvijua.

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi kulieleza. Katika Peugeot na Datsun na Land Rover walizojifunzia madereva wa rika la baba zetu, kanyagio la mafuta lilishikana na kabureta kwa waya wa chuma au kwa fito za chuma zilizounganishwa. Ukikanyaga, waya hujivuta, na kilango cha hewa kilichomo kooni mwa kabureta hufunguka kwa kadiri ile ile mguu ulivyoshuka, bila kuzidi wala kupungua. Dereva hodari, mathalani Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania na kushinda mashindano ya Safari kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena mwaka 1967, aliijua injini yake kwa unyayo kama mpiga ngoma aijuavyo ngozi kwa kiganja. Waya ule ulikuwa na maradhi yake, maana ulishika kutu, ukakatika uzi mmoja mmoja, na ukagoma siku ya mvua na tope. Walakini haukuwa na rai ya kwake. Ulichoambiwa ndicho ulichokifikisha.

Magari mengi ya leo hayana waya huo. Kampuni ya BMW iliuondoa katika gari lake kubwa la silinda 12 mwishoni mwa miaka ya 1980, na watengenezaji wengine, Wajapani wakiwamo, wakafuata mmoja baada ya mwingine, hata ikawa katika aghalabu ya magari yanayoshuka bandarini kwetu kutoka Japani, mguu wa dereva hauzungumzi tena na injini ana kwa ana. Penye kanyagio pamewekwa sensa mbili, kila moja ikipima kwa njia yake mguu umeshuka kiasi gani, na kupeleka habari hiyo kwa umeme mdogo, kwa kawaida usiozidi volti 5, kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta huzilinganisha habari hizo mbili, kwani mashahidi wawili wakisema mamoja shaka huondoka. Kisha hutazama mwendo wa gari, gia iliyoingia, joto la injini na mengineyo. Na baada ya hayo yote ndipo huiamuru mota ndogo ikifungue kilango cha hewa, ambacho mafundi wetu hukiita throto, kwa kadiri ambayo yenyewe imeona inafaa. Kwa mfano wa mambo ya kale, mguu umekuwa mtu aandikaye waraka, waya za umeme zimekuwa tarishi, na kompyuta ndiyo liwali aupokeaye waraka, akausoma, akatoa amri apendavyo yeye.

Na huyo liwali amefundishwa upole. Mtengenezaji wa gari anazo sababu za kutotaka throto ifunguke kwa pupa: sheria za moshi katika nchi za matajiri ni kali, na mafuta yanayomwagwa ghafla huchafua hewa, gia boksi huumia ikipigwa na nguvu ya kushtukiza, abiria hawapendi kutikiswa vichwa, na mnunuzi wa mjini anataka gari lisilokunywa sana. Kwa hiyo kanyagio lishukapo robo ya safari yake, kompyuta yaweza kuifungua throto pungufu ya robo, tena taratibu; na dereva, ambaye hakuambiwa lolote katika hayo, huona tu kwamba gari ni zito. Uzito wa namna hii haukutokana na ubovu. Gari limetoka nao kiwandani, umo katika hesabu zilizoandikwa ndani ya kompyuta, na ndio uzito wa pekee ambao kijisanduku cha Gerezani kinaweza kuushughulikia.

Nacho hukaa njiani. Soketi yake moja huingia kwenye kanyagio na nyingine kwenye waya uendao kwa kompyuta, nacho humsimamisha tarishi katikati ya safari, humpokonya waraka, huuandika upya kwa mkono mzito zaidi, kisha humwacha aende zake. Mguu ukiomba sehemu moja katika tano, liwali husomewa mbili katika tano. Ukiomba mbili, husomewa tatu au zaidi, kwa kadiri ya namba aliyoichagua dereva kwenye kitufe. Na kwa kuwa liwali hana habari kwamba waraka umeguswa, hufungua mlango kwa upana anaodhani ameombwa. Hapo gari huruka. Dereva hufurahi, hurudi dukani kushukuru, na maneno ya muuzaji huthibitika machoni pa watu.

Lakini tuufuate mguu mpaka sakafuni. Kanyagio likifika mwisho, waraka unasema "yote", na hakuna mwandishi awezaye kuandika zaidi ya yote. Throto i wazi kabisa, hewa inayoingia ni ile ile, mafuta ni yale yale, na nguvu inayotoka haizidi kwa farasi hata mmoja ile iliyokuwamo kabla ya laki mbili na nusu kulipwa. Mwenye shaka na afanye jaribio kabla ya kununua: akiwa katika barabara tupu iliyonyooka, pasipo mtu wala mnyama, na akaushika mwendo ulioruhusiwa tu, na akanyage mpaka chini kabisa, aone gari lake linavyoshika mwendo. Hicho alichokipata ndicho kilichomo ndani ya injini yake, na hakuna kijisanduku cha kwenye kanyagio kitakachokipita. Wala hakifupishi muda ambao gia boksi huuchukua kushuka gia, wala hakiiharakishi taabini ya injini ya dizeli ianze kusukuma hewa. Kilichobadilika ni safari ya unyayo: kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kushusha mguu inchi mbili sasa hufanywa kwa inchi moja.

Naambiwa hapa kwamba faida hiyo nayo ni faida, na kwa insafu nakubali. Vifaa hivi, vyenye majina kama Sprint Booster, Pedal Commander na EVC, vimepata wapenzi wengi katika nchi za mbali, hususan Australia, miongoni mwa wenye magari makubwa ya dizeli yanayokwenda mchangani na kwenye vilima, kwa kuwa mtu aliyezama mchangani hutaka injini imwitikie mara moja, na kupoteza nukta moja kwaweza kumzamisha zaidi. Tena vingi vyao hukubali kugeuzwa upande wa pili, vikalifanya kanyagio kuwa pole kuliko lilivyotoka kiwandani, jambo linalomfaa apitaye juu ya mawe ambako mguu hutikisika na gari. Na vingine hulifunga kanyagio lisiitike kabisa mpaka mwenye gari alifungue, ikawa kizuizi kimoja zaidi kwa mwizi. Mtu aliyeyajua haya yote, akakijaribu, akaridhika na mwendo wa mguu wake, amenunua alichokitaka, na fedha ni yake.

Ninachokipinga ni kuuza kitu hicho kuwa dawa ya gari lisilovuta. Magari tuliyonayo aghalabu yamekwisha kutumika ughaibuni miaka mingi kabla ya kuja kwetu kutumika mingine mingi, katika vumbi ambalo walioyatengeneza hawakulikusudia, na kwa mafuta ambayo mara nyingine hatujui yametoka tangi gani. Na uzito wa gari la namna hii mara nyingi si hesabu za kompyuta, ni ugonjwa. Nao ugonjwa haupoi kwa kumfundisha mgonjwa kuitika kwa sauti kubwa.

Langu nililipeleka kwa fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mkungu, ambaye sijawahi kumwona akiharakishwa na mtu. Hakuniuliza kifaa gani nimeambiwa ninunue. Aliuliza lini mara ya mwisho ea klina ilibadilishwa, nami sikukumbuka. Akaitoa, akaipiga taratibu juu ya tairi, na vumbi jekundu la Iringa, la Dodoma na la sijui wapi kwingine likaanguka kama unga wa muhogo. Kisha akafungua mipira ya bomba la hewa, akalivuta bomba pembeni, akaniita: "Njoo, baba, utazame mwenyewe." Nilitazama. Kilango cha hewa, ambacho nilikuwa nimekifikiria kuwa kitu king'aacho kama sarafu, kilikuwa kimevaa masizi meusi yenye mafuta, mazito kama ya chungu cha maharage, yakizunguka ukingo wote hata ule mwanya mwembamba ambao hewa hupita injini inapokuwa haina kazi ulikuwa karibu kuzibika. Alipulizia dawa ya kusafishia kwenye kitambaa, wala hakuipulizia moja kwa moja, akafuta upande wa mbele, akafuta upande wa nyuma, na kitambaa kikatoka cheusi. Swichi ya gari ilikuwa imezimwa na betri imefunguliwa, na alinikataza hata hivyo nisikisukume kilango kwa kidole, kwa kuwa mota na gia zake ndogo za plastiki hazikuumbwa kwa nguvu za vidole vyetu.

Kutoka hapo alikwenda kwenye sensa ipimayo hewa, akaisafisha kwa dawa yake ya pekee. Akatoa plagi moja, akanionyesha pengo lililopanuka kwa kuliwa na cheche za miaka. Akaninusisha oili ya gia boksi, nayo ilinuka kuungua. Mwisho akaunganisha mashine ya kupimia, akaifundisha upya kompyuta mahali pa kilango safi, maana kompyuta ilikwisha kuzoea uchafu, na ukiondoa uchafu bila kuiambia, injini hunguruma bila mpango mpaka ijifunze tena. Angeweza pia, alisema, kuyatazama masega yaliyomo katika ekzosi, kwa sababu yakiziba gari hukabwa koo kwa nyuma hata kama linavuta hewa vizuri kwa mbele. Lakini la kwangu lilipumua vyema. Gharama yote, plagi na ea klina na oili zikiwamo, haikufika bei ya kijisanduku.

Jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja ni hewa yenyewe. Injini isiyo na taabini huishi kwa hewa inayoivuta kwa nguvu zake, na hewa ya juu ni nyepesi: kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, injini ya namna hiyo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Gari lililozoea Tanga au Mombasa likifika Nairobi, iliyo juu karibu mita 1,700, au Mbeya iliyo katika kimo kama hicho, huwa limepungukiwa na zaidi ya sehemu moja katika saba, hata liwe jipya na safi kiasi gani. Dereva wa pwani asiyelijua hili hudhani gari limemharibikia njiani. Na akikutana na mwenye kijisanduku wakati huo, atakinunua ili kutibu mwinuko wa nchi.

Na lipo hili dogo, ambalo laniumiza kwa sababu halina gharama: magari mengi ya gia otomatiki yana kitufe kilichoandikwa PWR au SPORT karibu na mkono wa gia, na mengine yana cha ECO, na vitufe hivyo hubadilisha, kwa idhini ya mtengenezaji mwenyewe, mambo yale yale ya kompyuta kuusikiliza mguu kwa wepesi au kwa upole. Nimepanda na watu waliokaa na magari yao miaka mitano, taa ya kijani ya ECO ikiwaka mbele ya macho yao kila siku, na kila siku wakilalamika kwamba gari halichanganyi.

Ama usalama, hapo ndipo ningependa msomaji anisikilize zaidi. Mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Toyota iliyarudisha mamilioni ya magari nchini Marekani kwa malalamiko kwamba yalikuwa yakikimbia yenyewe, na shaka ya watu wengi ikaangukia kwenye kanyagio hili la umeme. Serikali ya Marekani iliwaita wahandisi wa NASA, wale wa vyombo vya anga, wauchunguze mfumo huo kwa miezi 10, na jibu lililotolewa Februari 2011 lilikuwa kwamba hawakuona hitilafu ya umeme iwezayo kuifungua throto kwa upana wa kuleta hatari hiyo. Kanyagio zilizonata na mikeka ya sakafuni iliyozishika kanyagio ndizo zilizoonekana, pamoja na miguu iliyokanyaga mafuta ikidhani imekanyaga breki. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa jinsi ilivyoueleza umma jambo hilo. Nayataja haya kwa sababu moja: mfumo uliotoka kiwandani ulikuwa na mwenyewe, mwenye jina na anwani, aliyeweza kuitwa mbele ya taifa zima na kujibu. Waraka unaoandikwa upya na kijisanduku kisicho na jina, kilichofungwa na kijana wa dukani kwa dakika kumi, ukileta msiba, ni nani atakayejibu? Zile sensa mbili ziliwekwa zishuhudiane. Nacho kifaa kimekaa katikati yao na liwali, na kikiwa dhaifu kikazichanganya habari zao, kompyuta hutia shaka, taa ya injini huwaka, na gari hujinyima nguvu papo hapo, hata kama upo katikati ya kulipita lori.

Tena gari la kwetu halina dereva mmoja. Huendeshwa na baba asubuhi, mama jioni, kijana aliyepata leseni mwezi uliopita siku ya Jumapili, na fundi siku ya matengenezo. Na mtu ambaye mguu wake umezoea kuomba kwa kiasi, akaingia katika gari ambalo kila ombi huongezwa maradufu, ataruka mbele kabla hajatambua, katika foleni ya Buguruni, ambako mbele yake mna bajaji, kando yake bodaboda, na kati yao mwanamke mwenye ndoo ya maandazi anayevuka. Haya mimi siyaoni kuwa dhana tupu. Nimeketi kiti cha mbele katika gari la jirani yangu lenye kifaa hicho, kikiwa kimeachwa kwenye namba ya juu, tukasogea nusu mita kwa mruko mmoja mpaka bampa la mbele yetu likawa karibu kuguswa, naye, ambaye ni dereva wa miaka 20, akasema tu kwamba bado hajakizoea.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wa vipuri, ambao riziki yao naitakia heri, wamwambie mnunuzi kwa maneno yaliyo wazi kwamba kitu hiki hubadilisha wepesi wa kanyagio na hakiongezi nguvu. Na aliyekwisha kukifunga amwarifu kila anayempa ufunguo, akishushe kwenye namba ya chini akiwa mjini, na alitaje jambo hilo kwa watu wake wa bima. Na wewe msomaji, gari lako likikuchelewesha, anza kwa kuangalia kama ECO inawaka. Kisha nenda kwa fundi umwaminiye, umwambie alifungue bomba la hewa ukiwa umesimama hapo hapo, uinamishe kichwa, uitazame throto kwa macho yako kabla hujatoa shilingi yoyote kwa kitu kingine.